Sikio la Kulia la Fundi Salem

Salem Awadhi alikuwa na sikio moja, na hilo moja lilikuwa nusu.

La kushoto lilikufa kwa surua akiwa na miaka sita. La kulia lilimtumikia mpaka akapita hamsini, ndipo likaanza kumwacha, nalo lilianzia juu. Ndege walikwenda kwanza. Halafu filimbi ya birika. Halafu simu, ikawa inaita mfukoni mwake na watu ndio wanaomwonyesha kwa kidole. Mwisho yakaondoka maneno. Alisikia kwamba mtu anasema, hakusikia anasema nini. Alipotimiza sabini vilivyobaki vilikuwa vitu vizito tu: lori la mizigo, jenereta, mlango wa chuma ukibamizwa, ngoma ya harusi mtaa wa pili. Na cherehani.

Cherehani ndiyo ilikuwa kazi yake. Shule hakukaa. Wiki ya pili mwalimu alimrudisha kwa baba yake akasema mtoto huyu mzito wa kichwa. Hakuwa mzito wa kichwa. Alikuwa amekalishwa upande wa sikio bovu, na hakuna aliyejua, naye hakujua kusema. Baba yake akampeleka kwa Harilal, fundi wa vyerehani wa Mtaa wa Nyamwezi, Kariakoo. Harilal hakuwa na maneno mengi. Alimpa bisibisi. Ncha unaiweka kwenye chuma cha cherehani, mpini unauegemeza kwenye mfupa nyuma ya sikio, mtu wa pili anakanyaga. Mfupa unakwambia kila kitu. Gurudumu linavuta upande. Mkanda umelegea. Bobini inagonga. Salem alifanya kazi hivyo zaidi ya miaka sitini, na nyuma ya sikio lake la kulia pakawa na sugu ndogo ngumu, hapo mpini ulipokaa.

Harilal alipokufa, mwanawe Chintan alichukua duka la pembeni akauza vifungo, nyuzi na zipu. Salem akachukua vyerehani. Chintan na Salem walikuwa wamekua pamoja, na mchezo wao ulikuwa mmoja. Chintan alisimama nyuma ya mgongo wa Salem akamsema.

“Mwarabu huyu kala vifungo vyangu dazani nzima. Mwangalieni tumbo.”

Watu wakacheka. Salem alipoona watu wanacheka, bila kugeuka, alisema, “Chintan, nimekusikia.”

Hakuwa amesikia hata neno moja. Wote walijua.

*

Aliyemsikilizia ni mkewe, Badriya.

Nyumba yao ilikuwa ile ya chini iliyobanwa na maghorofa mawili, baraza yake ndiyo karakana. Mteja akija na cherehani yake alizungumza na Salem uso kwa uso. Badriya alisimama nyuma ya mteja, karibu na mlango, akarudia kila neno kwa midomo bila kutoa sauti. Salem alitazama juu ya bega la mteja, akajibu. Wapo walioleta vyerehani vyao miaka kumi wasijue kwamba fundi hasikii. Walifikiri ni mtu wa kuangalia kando.

Badriya mwenyewe alikuwa anashona foronya. Cherehani yake ilikuwa nyeusi, ya miguu, ipo chumba cha ndani, imeegemea ukuta. Kila siku baada ya sala ya Alasiri alikaa akakanyaga. Salem huko barazani alisikia ule mngurumo ukipita ukutani, mzito, wa chini, unakwenda, unasimama pale anapogeuza kitambaa, unakwenda tena. Hakuhitaji bisibisi. Ilikuwa ndiyo sauti pekee ya nyumba ile aliyoisikia sawasawa, kama alivyoisikia akiwa na miaka thelathini.

Ramadhani ya mwaka juzi Badriya aliugua figo, akala siku ishirini bila kufunga. Mfungo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, akapata nafuu, akanenepa, akarudi kwenye foronya zake. Funga alisema atailipa, subiri nguvu zirudi. Zilirudi. Akawa anasema kesho, keshokutwa. Mfungo saba akarudi hospitali, na safari hii hakukaa hata wiki.

Alasiri ya mwisho Salem alikuwa peke yake naye wodini. Badriya alisema kitu. Alisema kirefu, ameufunika uso nusu kwa ile barakoa ya hewa, kwa hiyo midomo haikuonekana. Salem alisikia mngurumo wa sauti yake tu. Alitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kama anavyowatikisia watu wote. Badriya akafumba macho. Saa mbili baadaye alikuwa amekwisha.

Salem hakulia msibani. Alikaa kwenye mkeka, watu wakaja wakasema, akatikisa kichwa. Walipokwisha kuondoka akaingia karakana akafungua cherehani ya mtu, akaisafisha, akaifunga. Kesho yake akafungua nyingine.

Baada ya wiki kadhaa aliamua kwamba alichosema mkewe ni habari ya zile siku ishirini. Hakuna mwingine wa kumuuliza. Akaanza kumlipia kwa kufunga yeye, Jumatatu na Alhamisi. Hakumwambia mtu.

*

Karakana ikaanza kufa. Mteja anasema, Salem anatazama mlangoni, mlangoni hakuna mtu. Mmoja alisema cherehani inakata uzi, yeye akabadilisha mkanda. Mwingine alisema nitakuja Ijumaa, yeye akaifungua vipande Ijumaa hiyo hiyo. Halafu siku moja pale kona ya Msimbazi bodaboda ilimpigia honi, ikapiga tena, ikamgonga begani. Hakuumia sana. Alikaa chini barabarani akawaona watu wengi wakifungua midomo.

Binti yake, Dalia, aliyekuwa anauza vitambaa Mtaa wa Kongo na kurudi jioni kulala pale kwa baba yake tangu msiba, alisimama mbele yake.

“Baba, mimi sitaki kukuzika mwaka huu. Tunaenda hospitali.”

“Nimeshakwenda. Walinipa vile vya kupachika. Vinapiga kelele.”

“Si vile. Kuna kingine. Cha ndani.”

Samir, mwanawe aliye Maskati, alisema gharama zote mwachieni yeye. Salem akatikisa kichwa. Akapelekwa.

Daktari alikuwa mwanamke, Jinal, Mhindi wa hapa hapa mjini. Alikuwa na tabia nzuri. Alizungumza akimtazama usoni, polepole, na mkono hauendi mdomoni. Kabla ya kuonana naye, msichana mmoja, Nice, alimwingiza Salem kwenye kijichumba kilichozibwa, akamvisha visikizio, akampa kitufe. Ukisikia, bonyeza. Salem alibonyeza mara chache mwanzoni. Baadaye alikaa na kitufe chake mkononi, akamtazama Nice kwenye kioo akigeuza vidude, na hakuna kilichokuja.

Daktari Jinal alichora kitu kwenye karatasi. Ni konokono.

“Baba, ndani ya sikio kuna kitu hiki. Hapa mlangoni ndipo zinapokaa sauti nyembamba. Huku ndani kabisa, kwenye kitovu chake, ndipo zinapokaa nzito. Kwako nyembamba zimekufa zote. Nzito ziko hai.”

“Najua.”

“Tunaweka mashine ndogo chini ya ngozi, hapa nyuma ya sikio. Ina waya. Waya unaingia mlangoni mwa konokono, unafanya kazi ya zile zilizokufa. Maneno utayapata kwa waya. Sasa, zile nzito zako sitaki kuzivunja. Waya ni laini, na nitausukuma polepole sana. Zikibaki, utasikia maneno kwa waya na mngurumo kwa sikio lako mwenyewe. Hapo ndipo pazuri.”

“Na la kushoto? Weka huko. Huko hakuna cha kuvunja.”

Daktari alitikisa kichwa kukataa. “Limelala tangu utotoni, baba. Nikiliamsha leo halitajua linaambiwa nini.”

Salem akaangalia konokono. Alifikiria cherehani ambayo imefungwa na uzi umekwama ndani, nawe unaingiza kibano bila kugusa bobini. Inawezekana. Mkono ukiteleza haiwezekani.

“Cherehani ya miguu nitaisikia?”

“Mngurumo wake?”

“Mngurumo.”

“Nitajaribu. Wengine zinabaki zote. Wengine nusu. Wengine zinaondoka siku ileile, na wengine zinakaa wiki halafu ndiyo zinaondoka. Sikuahidi kitu.”

Alipenda hivyo, kwamba hakuahidi.

“Na nikikataa?”

“Karatasi zako za nyuma nimeziona. Kila mwaka zinapungua kidogo. Utabaki nazo kwa muda.”

Dalia alikuwa amefinya mkoba wake kwa mikono yote miwili. Salem alimtazama, akasema, “Haya.”

Kabla hawajatoka daktari alimshika mkono. “Kuna vidonge. Siku tatu kabla, na siku kumi baada ya kutoka hapa. Sikio likiguswa ndani linavimba, na likivimba vile vilivyobaki vinakufa. Vidonge ndivyo vinavyozuia. Vinne asubuhi, vinne mchana, umekula. Usiruke hata siku moja. Umenielewa?”

Salem akatikisa kichwa. Safari hii alikuwa ameelewa kweli.

*

Upasuaji ulipangwa mwezi kumi na tisa Shaabani.

Salem alipiga hesabu akiwa kitandani. Katika zile ishirini za Badriya alikuwa amelipa kumi na moja. Vipimo na kukaa hospitali vilikuwa vimemla siku nyingi. Zilibaki tisa. Akitoka hospitali mwezi ishirini, Shaabani itakuwa imebakiza siku tisa. Ramadhani ikiingia deni halijalipwa, ni Ramadhani ya pili inaingia juu ya ile ya kwanza. Alivyofundishwa yeye utotoni, hilo halifai. Huenda kuna ruhusa. Huenda shehe angemwambia mgonjwa ana udhuru, lisha masikini, ngoja Mfungo mosi. Lakini kumuuliza shehe ni kumuuliza na kumsikia akijibu, mbele za watu, na Salem alikuwa ameacha kuuliza watu vitu.

Alipoamka kutoka kwenye usingizi wa dawa kichwa kilikuwa kimefungwa bandeji kubwa. Daktari Jinal aliinua kidole gumba. Waya umeingia wote, alisema kwa midomo, laini kabisa. Salem aligusa nyuma ya sikio. Mahali pa mpini palikuwa na kivimbe na nyuzi.

“Hapo hapagongwi tena,” Dalia alimwambia. “Wala bisibisi, Baba. Daktari amesema.”

Nyumbani bandeji ndogo ilipowekwa badala ya ile kubwa alimwambia Dalia akakae kwenye cherehani ya mama yake. Dalia akakaa, akakanyaga. Salem alisimama barazani, mahali pake.

Mngurumo ulikuja. Ulikuwa mdogo, umekwenda mbali, kama cherehani imehamia ng'ambo ya barabara. Lakini ulikuwa wenyewe. Ulikwenda, ukasimama, ukaenda tena.

Dalia alitokeza kichwa. “Vipi?”

“Ipo.”

Dalia alikaa chini pale mlangoni akalia. Salem alimpa leso.

Kesho yake akafunga.

Alipanga hivi. Vile vinne vya asubuhi alivimeza wakati wa daku. Vya mchana vilikuwa na shida. Akavijaribu jioni ya kwanza wakati wa futari, tumbo likamwaka moto na usingizi ukakataa. Akasema basi. Vinne vitatosha kufanya kazi ya vinane. Vya mchana alivitia kwenye kopo la vifungo la Badriya, kwa kuwa kutupa dawa si vizuri.

Dalia aliondoka asubuhi akamwachia chakula mezani kimefunikwa kawa. Salem alikibeba mpaka nje akampa Uwesu, mtu mzima mmoja anayesukuma mkokoteni na kupumzika kivulini mwa ghorofa. Uwesu alikula, akanawa, akarudisha sahani. Hawakuwa na mazungumzo.

Siku ya nne Salem alipokaa kitandani alasiri, Dalia amerudi mapema na anakanyaga, alilazimika kusogea ukutani ndipo akausikia mngurumo.

Siku ya tano alisogea akaegemeza kichwa.

Alijiambia ni maji maji ya kidonda. Alijiambia ni ile pamba ya bandeji. Kidonda kwa nje kilikuwa kinakauka vizuri, Dalia alikiangalia kila siku na kufurahi.

Siku ya saba, Dalia akiwa kazini, aliingia chumba cha ndani peke yake akakaa kwenye kiti cha Badriya. Aliweka miguu kwenye kanyagio. Akazungusha gurudumu kwa mkono, akakanyaga. Sindano ilipanda ikashuka. Gurudumu lilizunguka mpaka mikono yake ikahisi upepo wake. Hakukuwa na kitu. Alikanyaga kwa nguvu zaidi. Aliona kopo la vifungo likitembea polepole juu ya meza kwa ule mtetemo, likisogea ukingoni, na lenyewe pia halikutoa sauti. Akalishika lisianguke.

Alilifungua. Vidonge vilikuwa humo, vyeupe, katikati ya vifungo vyeupe.

Ilikuwa saa saba mchana. Chakula kipo chini ya kawa. Maji yapo kwenye mtungi. Angeweza kumeza hapo hapo na kula, na zingebaki siku tatu za mtu mwingine ambaye hayupo. Alikaa na kopo mapajani kitambo. Hakuhisi kwamba anachagua. Alihisi tumbo tupu, na magoti yakimuuma kwa kukanyaga.

Akafunika kopo. Akapeleka sahani nje kwa Uwesu.

*

Shaabani ishirini na tisa ni siku ya vunja jungu. Kariakoo yote inakula kama vile kesho chakula kinapigwa marufuku. Dalia hakwenda kazini. Alipika biriani, akatoa na sahani ya jirani. Uwesu alikuwa pale kivulini. Alisimama kwa adabu.

“Dada Dalia, Mungu akuzidishie. Mzee ananilisha wiki nzima sasa. Ile samaki ya nazi ya Jumanne, wallahi, nilimsimulia mke wangu.”

Dalia akabaki na sahani mkononi.

“Samaki ya Jumanne umekula wewe?”

“Na maini ya Jumatano.” Uwesu akaanza kuona mambo si mazuri. “Mzee alisema ameshiba.”

Alimkuta baba yake karakana. Alisimama mbele yake, akasema kwa midomo na kwa sauti pia, maana Chintan alimsikia mpaka dukani kwake.

“Ulikuwa unakula nini mchana?”

“Nilikuwa nimefunga.”

“Umefunga nini? Ramadhani bado.”

“Siku za mama yako.”

Dalia alikwenda ndani. Alirudi na kopo la vifungo. Alilimwaga kwenye meza ya kazi, akatenga vidonge upande na vifungo upande, mpaka vikawa vilima viwili. Kilima cha vidonge kilikuwa kikubwa. Akakusanya vidonge kwenye kiganja, akampigia daktari, akazungumza naye akiwa amempa baba yake mgongo.

Chintan aliingia polepole akasimama pembeni ya Salem. Hakusimama nyuma.

“Ungeniambia mimi,” alisema, akitazamana naye. “Mimi ningefunga. Badriya alinishonea mashati tangu sijaoa.”

“Wewe Mhindi. Yako haihesabiki.”

“Basi ningekukumbusha vidonge, mjinga wewe.”

Salem akatikisa kichwa.

Jua lilipozama alifungua kwa tende na maji, akala biriani ya Dalia. Ilikuwa siku ya tisa. Mwezi uliandama jioni ile ile. Alikuwa ametazamia kwamba siku ikiisha atahisi kitu. Akanawa mikono.

*

Mwisho wa Ramadhani, kidonda kimekwisha kupona, walirudi kuwashiwa mashine. Kwanza Nice alimwingiza tena kwenye kijichumba. Salem alishika kitufe. Alitazama kwenye kioo. Nice aligeuza kidude, akasubiri, akageuza. Aligeuza mpaka Salem akahisi ngozi ya sikio ikitekenywa na visikizio, lakini kutekenywa si kusikia, na yeye alikuwa mkweli. Hakubonyeza hata mara moja.

Nice alimvua visikizio, akasema, “Pole, babu.”

Daktari Jinal aliweka karatasi mbili mezani, ya zamani na mpya.

“Zimeondoka,” alisema.

“Ni vidonge?” Dalia aliuliza.

Daktari alizitazama karatasi tena. “Nikisema ni vidonge nitakuwa nadanganya. Nikisema si vidonge pia nitakuwa nadanganya. Wapo waliomeza vyote zikaondoka. Alipotoka hapa alikuwa anasikia mngurumo, ulinipigia simu ukaniambia. Zaidi ya hapo sijui.” Akamgeukia Salem. “Baba, ulijisikia zikipungua?”

“Ndiyo.”

“Hukusema.”

“Hapana.”

Daktari hakumgombeza. Alimvisha kifaa cha nje cha ile mashine, kadude kanakokaa juu ya sikio na kingine cha duara, kama kifungo kikubwa cha koti, kikajishika chenyewe kichwani kwa sumaku. Nice akabonyeza kitu kwenye kompyuta.

Zilikuja kelele. Zilikuwa za bati. Kila mtu mle ndani alikuwa na sauti ya mtu mdogo aliyefungiwa kwenye kopo. Karatasi ilipoguswa ilipiga yowe. Salem alikaa na mikono magotini akaziacha zije. Baada ya muda daktari aliweka karatasi mbele ya mdomo wake ili midomo isionekane.

“Saba,” alisema yule mtu wa kwenye kopo.

“Saba,” akasema Salem.

“Chumvi.”

“Chumvi.”

“Mkasi.”

“Mkasi.”

Lile *s* lilikuwa hapo. Lilikuwa kali, jembamba. Hakuwa amekutana nalo miaka mingi.

Dalia alicheka na machozi. Salem aliona kwamba ni jambo zuri, akamwambia daktari ahsante, akasema tena ahsante nje kwa Nice.

*

Baada ya Idi wateja walianza kurudi. Alisikia mtu akisema inakata uzi, na ilikuwa kweli inakata uzi. Bisibisi aliacha kuiegemeza kichwani. Alijifunza kuweka kucha za vidole kwenye chuma, na makosa makubwa aliyakamata, madogo yakampita. Akiwa na shaka aliipeleka cherehani kwa fundi mwingine wa Mtaa wa Mchikichi, kijana, akamwambia sikiliza gurudumu hili.

Siku moja Chintan alisahau kwamba Salem sasa anasikia. Alisimama mlangoni akawaambia wateja wawili, “Mwarabu huyu siku hizi kichwani ana redio. Ukimpiga kofi anasoma taarifa ya habari.”

“Chintan,” alisema Salem bila kugeuka, “na wewe mke wako anakuzima saa ngapi?”

Wale wateja walikufa kwa kicheko. Chintan alirudi dukani kwake, na baadaye akamletea chai. Hakumsema nyuma ya mgongo tena, na mchezo ule ukaishia hapo.

Jumapili, Dalia alitoa foronya ambayo mama yake aliiacha nusu, akakaa kwenye cherehani. Salem alikuwa chumba kile kile, amempa mgongo, anatia mafuta kwenye matundu ya mashine ya mtu. Kwa kile kifaa alisikia sindano: tik tik tik tik, kavu, karibu sana. Alisikia mnyororo mdogo wa feni ya dari. Mngurumo haukuwepo. Alikivua kifaa mara moja, akakirudisha. Ilikuwa sindano tu.

Dalia alikuwa akisema peke yake, kama walivyozoea wote kusema mle ndani miaka yote, wakijua hawasikiwi.

“Siku tisa. Angengoja mwezi mmoja, mama angegomba nini.”

“Asingegomba,” alisema Salem.

Sindano ikasimama.

“Umenisikia?”

“Nimekusikia.”

“Nilikuwa nasema tu, Baba.”

“Najua.” Aliweka chini kopo la mafuta. “Alisema kitu siku ile. Mimi sikusikia. Nikamwitikia. Ukishamwitikia mtu, ufanye.”

Dalia alinyoosha kitambaa. Huko nje mtu alikuwa anauza mashuka kwa kipaza sauti, bei, bei, na kwa mara ya kwanza baba yake alikuwa anasikia bei.

“Na kama hakusema habari ya funga?”

Salem alishafikiri hilo kabla, siku ya saba, na kabla ya hapo.

“Basi nimefunga,” akasema. “Kanyaga. Umalize hiyo.”

Dalia akakanyaga. Salem alivuta kigoda akakaa kando ya meza ya cherehani, akavua kifaa akakiweka kwenye kopo la vifungo. Akalaza kiganja juu ya mbao. Ilitetemeka, ikasimama pale Dalia alipogeuza kitambaa, ikatetemeka tena. Aliuacha mkono hapo mpaka foronya ikaisha.